Upande wa Chini wa Bawa

Kipepeo wa rangi ya chungwa anayeruka taratibu juu ya magugu ya kando ya njia, kuanzia Lamu hadi Mtwara, humpa anayeanza kujifunza vipepeo jina la kwanza na kosa la kwanza. Jina ni Danaus chrysippus. Yumo katika kila kitabu cha vipepeo wa Afrika, na kwa kuwa anapatikana kila mahali, kwenye viwanja vya mpira, makaburini, pembeni mwa reli, ukimtaja bila kumwangalia vizuri mara nyingi utakuwa umepatia. Kosa liko kwenye zile mara ambazo siye.

Akiwa kiwavi, Danaus hula mimea yenye utomvu mweupe ulio na sumu, na sumu hiyo hubaki naye mwilini hata akishaota mabawa. Ndege asiyemjua akimmeza hutapika, na baada ya hapo hamgusi tena mdudu wa rangi ile. Kwa hiyo Danaus haruki kwa wasiwasi. Sasa yuko kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, asiye na sumu ya aina hiyo, ambaye jike wake amevaa sare ya Danaus kamili: rangi ileile, kimo kilekile, hata mwendo wa madaha ni uleule. Ndege wanadanganyika, na wenye kamera wanadanganyika zaidi, maana ndege angalau ana njaa ya kumfanya aangalie mara ya pili.

Tofauti iko kwenye bawa la nyuma. Danaus ana madoa madogo meusi katikati ya bawa hilo: matatu kwa jike, manne kwa dume, na lile la ziada la dume ni kubwa kuliko mengine kwa sababu ndipo palipo na magamba ya harufu anayotumia kumvutia jike. Jike wa Hypolimnas ana doa moja tu, tena limekaa juu kabisa, karibu na ukingo wa mbele wa bawa la nyuma, mahali ambapo bawa la mbele hulifunika kwa urahisi. Ukimpiga picha kwa juu, mabawa yakiwa nusu wazi, doa hilo halitaonekana. Hata hivyo hujapoteza kila kitu. Kama sehemu ya katikati ya bawa la nyuma inaonekana yote na haina doa hata moja, umeshapata jibu.

Pwani yetu ina ugumu wake wa ziada. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya au Afrika Kusini vinamwonyesha Danaus mwenye ncha nyeusi kwenye bawa la mbele na mkanda mweupe uliokatisha ndani ya weusi huo. Huku Afrika Mashariki wengi wao hawana ncha hiyo. Ni rangi ya chungwa mpaka mwisho wa bawa. Wataalamu huwaita dorippus, na ni spishi ileile. Hypolimnas naye hakubaki nyuma: baadhi ya majike wake nao hawana ncha nyeusi. Ongeza Acraea encedon, mdogo kidogo, mwenye sumu yake mwenyewe na rangi hizohizo, kisha ongeza baadhi ya majike wa Papilio dardanus ambao pia wameiga sura ya Danaus. Hapo ndipo utaelewa kwa nini mtu aliyekaa na vipepeo miaka mingi akiulizwa jina la kipepeo wa chungwa hujibu kwa swali: bawa la nyuma likoje?

Dume wa Hypolimnas, kwa upande mwingine, hana shida kabisa. Ni mweusi, mwenye madoa makubwa meupe yaliyozungushiwa zambarau inayong'aa kulingana na mwanga unakotoka: mawili kwenye kila bawa la mbele na moja kwenye kila bawa la nyuma. Mtu akiwekewa picha za dume na jike wa spishi hii bila maelezo atakataa kwamba wanaweza hata kuwa ndugu. Dume huyu ana tabia moja nzuri kwa mpiga picha. Hujichagulia kituo, jani fulani au sehemu ya ardhi iliyo wazi, na akifukuzwa huzunguka na kurudi palepale. Usimfuate. Chuchumaa karibu na kituo chake, elekeza simu pale alipokuwa, na umngoje.

Nimeanza na hawa wawili kwa makusudi. Picha ya kutambulia kipepeo na picha ya kuning'iniza ukutani ni kazi mbili tofauti, na anayeanza hushauriwa kupita kiasi juu ya ile ya pili. Anaambiwa atafute maua mazuri, mandhari iliyofifia, mabawa yaliyotandazwa. Anarudi nyumbani na picha safi ya mgongo wa kipepeo, na hawezi kusema ni nani. Mimi ningemwambia apige kwanza upande wa chini wa bawa, ule unaoonekana kipepeo anapofunga mabawa yake wima, kisha upande wa juu kama atabahatika, kisha mmea, kisha mahali. Akipata vyote hivyo na hakuna hata picha moja ya kupendeza, siku yake imekwenda vizuri.

Chukua vile vipepeo vidogo vya buluu vinavyorukaruka juu ya nyasi, jamii ya Lycaenidae. Kwa juu, madume wa spishi nyingi ni buluu tu, na buluu haitofautishi kitu. Kwa chini kuna mistari, nukta, vipete, na kila spishi ina mpangilio wake. Wengi wana mkia mwembamba kama uzi kwenye bawa la nyuma, na penye mkia pana doa jeusi linalofanana na jicho. Akishatua, kipepeo huyo husugua mabawa ya nyuma polepole, juu chini, ili mkia uchezecheze mithili ya vipapasio. Ndege hushambulia kichwa hicho cha uongo, anaondoka na kipande cha bawa, na kipepeo anaondoka na uhai wake. Ndiyo sababu utakutana na wengi waliopungukiwa kipande upande huo. Usimwache kipepeo kwa sababu amechanika. Pengo lile lenyewe lina habari.

Upande wa chini pia hubeba majira. Bicyclus anynana, kipepeo mdogo wa kahawia wa vichakani, akizaliwa wakati wa mvua huwa na macho ya rangi, duara ndani ya duara, yamepangwa pembezoni mwa bawa. Akizaliwa wakati wa kiangazi macho hayo hufifia hadi karibu kutoweka, naye hufanana na jani kavu alilokalia. Joto analolipata akiwa kiwavi ndilo linaloamua. Spishi hii imekuwa maarufu katika maabara za baiolojia kwa sababu hiyohiyo: majike wachache waliochukuliwa Nkhata Bay, Malawi, mwaka 1988 ndio walioanzisha ukoo ambao wanasayansi wamekuwa wakiutumia kuelewa jinsi mwili mmoja unavyoweza kutoa maumbo mawili. Precis octavia amezidi hapo. Wa mvua ni mwekundu wa kuelekea chungwa, mwenye nukta nyeusi. Wa kiangazi ni buluu iliyokolea, na wekundu umebaki kama mstari wa madoa tu. Wataalamu wa zamani waliwapa majina mawili tofauti, na sioni kwa nini tuwacheke. Tarehe ya picha, basi, ni sehemu ya picha.

Simu huandika tarehe yenyewe, na ukiiruhusu huandika na mahali. Lakini ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, picha hupunguzwa ukubwa na taarifa hizo huondolewa, kwa hiyo rafiki yako mjuzi anapokea kipepeo asiye na tarehe wala kwao. Itume kama dokumenti. Na ile hali ya kamera inayofifisha mandhari ya nyuma ili uso wa mtu uonekane, izime. Programu ya simu haijui mwisho wa bawa ulipo. Hufuta vipapasio na mikia ya mabawa ikidhani ni sehemu ya nyuma. Pia usiongeze rangi baadaye. Bawa la njano iliyopauka na bawa la njano iliyoiva linaweza kuwa la spishi mbili, na ukishaikoleza njano umezichanganya.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, maana wauza kamera wanayasema kila siku. Simu ya kawaida inatosha kwa kipepeo mkubwa aliyetulia. Kamera yenye lenzi ya kuvuta karibu inakupa nafasi ya kusimama mbali, na umbali huo ndio faida yake kubwa kuliko ukali wa picha. Kama kamera yako inakuruhusu kuchagua, spidi ya shata isiwe chini ya 1/500 ya sekunde, na tundu la lenzi liwe dogo kiasi, kama f/8, ili bawa lote liwe kwenye fokasi. Jambo ambalo halihitaji pesa ni kuilaza kamera sambamba na bawa. Bawa ni bapa. Kamera ikiinama pembeni kidogo tu, ncha moja ya bawa itakuwa kali na nyingine ukungu, na doa unalolitafuta siku zote litakuwa kwenye ukungu.

Kumkaribia kipepeo kunategemea saa. Kipepeo hatoi joto la kutosha mwilini akiwa ametulia, kwa hiyo asubuhi hulazimika kuota jua kabla ya kuruka. Pwani, tangu jua linapoanza kupenya vichakani hadi kama saa nne asubuhi, utawakuta wametandaza mabawa juu ya majani, wazito, hawataki shari. Kule Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, mita 900 hivi juu ya bahari, ukungu huchelewesha mambo, na mtu aliyezoea pwani atafika mapema bure. Mchana wenye jua kali ni wakati wa kukimbizana nao, yaani wakati wa kupumzika.

Angalia kivuli chako. Kipepeo anavumilia mtu anayemjia polepole, chini chini, upande ambao kivuli hakimwangukii; kivuli kikimpita ghafla, ameondoka. Piga picha ya kwanza ukiwa bado mbali, hata kama haifai. Songa hatua moja, piga nyingine. Wanaosubiri wafike pale wanapopataka ndipo wapige, mara nyingi hawapigi kabisa.

Wapo ambao huwezi kuwakaribia kwa mwendo wowote, na hao inabidi uwaite. Charaxes, wenye kifua kinene na mabawa magumu, huruka juu ya miti kwa kasi ya kuudhi na hawana habari na maua. Wanapenda matunda yaliyooza, utomvu wa miti, na kinyesi cha wanyama. Uzuri wao na chakula chao havina uhusiano wowote. Ponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, zitie tembo kidogo, ziache chomboni siku kadhaa hadi zichachuke, kisha zipake kwenye shina la mti mpakani mwa msitu. Atakuja Charaxes, atafunga mabawa, atachomeka mrija wake na kulewa, na utampiga upande wa chini kwa raha zako. Kwenye misitu ya pwani kama Arabuko-Sokoke na Jozani atakuja pia Euphaedra neophron, yule mweusi mwenye mkanda wa dhahabu na mng'ao wa buluu ambaye kwa kawaida huteleza juu ya majani makavu mbele yako na kutua hatua chache tu nje ya uwezo wa lenzi. Jioni, penye giza la kwanza, ndizi hizohizo humleta Melanitis leda, wa rangi ya jani lililokufa, ambaye mchana usingemwona hata ungemkanyaga. Sehemu nyingine ya kungojea ni mchanga wenye maji, kando ya kijito au pale wanapofulia watu. Wanaokusanyika hapo ni madume kwa wingi, wanafyonza chumvi, na wakishaanza kunywa huwasahau watu.

Picha ikishapatikana, usikimbilie spishi. Tafuta jamii kwanza. Ana vipapasio vyenye kirungu mwishoni? Ni kipepeo, nondo wengi hawana. Virungu vimepinda kwenye ncha, mwili mnene, kuruka kwa kushtukashtuka? Hesperiidae. Ametua kwa miguu minne, ile miwili ya mbele ikiwa imefupishwa na kukunjwa kifuani? Nymphalidae, na humo wamo Danaus, Hypolimnas, Charaxes na Bicyclus wote. Miguu sita, mweupe au wa njano, kimo cha wastani? Karibu hakika ni Pieridae. Papilionidae ni wakubwa na hupigapiga mabawa hata wanapokunywa ua, jambo linalowafanya wawe na picha nyingi za ukungu kuliko jamii nyingine yoyote.

Kwa vitabu, Kenya ina kile cha Torben Larsen cha mwaka 1991 na Tanzania kile cha Jan Kielland cha 1990. Vyote viwili ni vikubwa, ghali, na vigumu kuvipata nje ya maktaba. Dino Martins na Steve Collins wametoa kitabu kidogo cha mfukoni cha vipepeo wa Afrika Mashariki, na hicho ndicho cha kuingia nacho msituni. Programu za simu zinazotambua wadudu kwa picha, iNaturalist ikiwa maarufu zaidi, ni msaada wa kweli, ila zisome kwa hadhari. Zimefundishwa kwa picha zilizopo, na picha za Ulaya, Marekani na Afrika Kusini ni nyingi kuliko za Lindi. Ikikutajia spishi, angalia ramani kwanza kama hata inaishi huku. Tena kuna vipepeo ambao hakuna picha itakayowatenganisha: baadhi ya wale wadogo wa njano wa Eurema, na wengi wa buluu, hutambuliwa kwa kuchunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini. Andika jina la jenasi na uishie hapo. Kuandika "Eurema" tu si uvivu. Kubahatisha ndiko uvivu.

Watu wanaowajua vipepeo hawa kuliko programu yoyote wako karibu zaidi ya tunavyodhani. Gede, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993: wakulima wanafuga vipepeo na kuuza pupa kwenye bustani za maonyesho ng'ambo, na msitu ukiwa mzima ndipo nao wanapata. Amani kukaanzishwa mradi wa namna hiyo baadaye, hadi mwaka 2016 Tanzania ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na wafugaji wa pale wakajikuta na pupa wasio na mnunuzi. Mfugaji haanzi na bawa, anaanza na jani. Anajua kiwavi yupi anakula mti gani, kwa hiyo akiona jike anazungukazunguka mmea fulani anajua jina kabla jike huyo hajatua.

Hilo unaweza kulifanya bila mradi. Jike anayetaka kutaga haruki kama anayetafuta chakula. Anatua kwenye jani nusu sekunde, analionja kwa miguu, anaruka, anatua lingine, anaonja, anaruka. Akilipata linalofaa anapinda tumbo chini ya jani na kuacha yai moja. Mpige picha hapohapo, kisha upige mmea huo wote: jani, shina, ua kama lipo. Jike wa Papilio dardanus anayefanana na Danaus hutaga kwenye miti ya jamii ya mlimau. Danaus wa kweli hana shughuli huko. Dume wa dardanus ni wa njano iliyopauka, ana mikia, hafanani na jike huyo hata kidogo, na ilikuwa mwaka 1869 ndipo Roland Trimen, akifanya kazi Afrika Kusini, alipowaonyesha wenzake wa London kwamba majike wale wa sura mbalimbali na dume yule ni spishi moja.

Kwa anayeanza, mti wenyewe ni mdimu au mlimau wa nyuma ya nyumba. Wakati wa mvua tazama majani machanga. Viwavi wadogo wa Papilio demodocus ni kahawia na weupe, wamelala wazi juu ya jani, na kila mtu huwapita akidhani ni mavi ya ndege. Wakikua hugeuka kijani chenye mikanda. Mguse mmoja kwa kijiti: nyuma ya kichwa hutokeza pembe mbili laini zenye rangi ya moto na harufu kali inayokaa mkononi. Mweke kwenye chombo chenye neti, mpe majani mabichi ya mti uleule kila siku, mpige picha kila anapojivua ngozi. Atajifunga kwenye kijiti na kuwa pupa, wa kijani au wa kahawia, na kwenye joto la pwani kwa kawaida hutoka baada ya wiki mbili hivi, mara nyingi asubuhi. Kwa saa moja au mbili mabawa yakiwa yanakauka hawezi kwenda popote. Hapo unapata pande zote mbili, mwanga unaoutaka, na jina ambalo hakuna wa kukubishia. Na kama badala ya kipepeo ukakuta pupa ana tundu na nyigu wadogo weusi wanatembea juu ya neti, wapige picha na hao, uandike tarehe na mti. Viwavi wengi huishia hivyo, na picha za nyigu hao ni chache kuliko za kipepeo yeyote.